Baada ya unga wa samaki: protini mpya za samaki wa kufugwa zinatoka wapi hasa?

Mwaka 2022 ufugaji wa viumbe vya majini uliupita uvuvi kwa mara ya kwanza. Kwa hesabu za FAO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia chakula na kilimo, wanyama wa majini waliofugwa walifika tani milioni 94.4, yaani 51% ya wanyama wote wa majini waliozalishwa mwaka huo. Wengi waliipokea habari hiyo kama nafuu kwa bahari. Lakini samaki wa kufugwa naye lazima ale, na kwa miongo mingi sehemu kubwa ya protini kwenye chakula chake ilitoka kwa samaki wengine, wadogo, waliovuliwa baharini wakakaushwa na kusagwa.

Ndiyo maana kila baada ya muda hutoka tangazo jipya: funza watachukua nafasi ya unga wa samaki, bakteria watachukua, mwani utachukua. Matangazo hayo yana ukweli ndani yake, ila yanachanganya maswali mawili, na asiyeyatenganisha hawezi kupima tangazo lolote. Swali la kwanza: je, protini hiyo inafika mwilini mwa samaki? La pili: protini hiyo yenyewe imetokana na nini? Kuna kiungo kinachofaulu swali la kwanza na kuanguka la pili, na kuna ambacho hali yake ni kinyume.

Kwa nini unga wa samaki umeng'ang'aniwa

Chanzo kikubwa cha unga huu duniani ni anchoveta, samaki mdogo mfano wa dagaa anayepatikana pwani ya Peru na Chile. Hupikwa kwa mvuke, hukamuliwa maji na mafuta, kisha kinachobaki hukaushwa na kusagwa. Zinahitajika kilo nne hadi tano za samaki wabichi kupata kilo moja ya unga. Unga huo una protini kati ya 60 na 72%, na protini hiyo imepangika karibu sawa na mwili wa samaki anayeila. Unamezwa na kumeng'enywa bila shida, una fosforasi inayotumika, na harufu yake inamfanya samaki akimbilie chakula. Mtengenezaji akiujaza wa kutosha kwenye mchanganyiko, makosa yake mengine mengi hufunikwa.

Shida ni kwamba ghala lake ni bahari, na bahari haina ratiba. Mwaka 1970 Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12 za anchoveta. Miaka michache baadaye El Niño, joto la bahari lisilo la kawaida, ya 1972 hadi 1973 ilikuta samaki hao wameshavuliwa kupita kiasi, na uvuvi ukaporomoka. Mwaka 2023 Peru ilifuta msimu wa kwanza wa uvuvi katika eneo lake kuu la kaskazini na kati, kwa kuwa maji yalikuwa ya moto na samaki wengi waliopatikana walikuwa wachanga. Viwanda vya chakula cha samaki vilivyo mbali kabisa na Peru vililihisi pengo hilo.

Kuna na upande wa haki, ambao kwangu ni mzito kuliko wa bei. Katika pwani za Mauritania, Senegal na Gambia, viwanda vya unga wa samaki vimekuwa vikinunua sardinella, samaki ambaye watu wa ukanda huo wamemtegemea kwa miaka mingi kama protini yao ya kila siku. Samaki anayeweza kuliwa na mtu akigeuzwa unga wa kumlisha samaki atakayeuzwa nchi nyingine, mtu aliyekuwa akimla amenyang'anywa sahani yake bila kuulizwa.

Hata hivyo haifuati kwamba kila tani ya samaki wa kufugwa inaongeza uvuvi wa samaki wadogo. Hapa dhana iliyozoeleka imepitwa na wakati. Mwaka 2000 watafiti walipochapisha hesabu zao katika jarida la Nature, walikadiria kwamba kilo moja ya samaki wa kufugwa wanaolishwa chakula cha kutengenezwa ilitumia kilo 1.9 za samaki wa kuvuliwa. Mapitio mapya yaliyotoka katika jarida hilohilo mwaka 2021 yaliiweka namba hiyo kwenye kilo 0.28 kwa mwaka 2017. Kati ya 2000 na 2017 uvuvi wa samaki wa kusagwa ulishuka kutoka tani milioni 23 hadi milioni 16, huku ufugaji wa samaki wanaolishwa ukiongezeka mara tatu.

Sababu moja ni kwamba vichwa, mifupa na matumbo kutoka viwanda vya minofu sasa vinasagwa badala ya kutupwa, na kiasi cha theluthi ya unga wa samaki duniani kinatokana na mabaki hayo. Sababu kubwa zaidi ni mimea. Norway ndiyo mfano ulioandikwa vizuri kuliko wote: mwaka 1990 karibu 90% ya chakula cha samoni wake ilitoka baharini, unga na mafuta kwa pamoja. Mwaka 2020 ilikuwa kiasi cha 22%, na zaidi ya 70% ilikuwa mimea. Protini mbadala, kwa maana hiyo, ilishafika zamani. Jina lake ni soya.

Samaki hahitaji protini

Samaki anahitaji asidi amino. Protini ni mnyororo wa asidi hizo, tumbo linaukata mnyororo, na mwili unavichukua vipande na kuvisuka upya kuwa misuli. Kumi kati ya hizo samaki hawezi kuzitengeneza mwenyewe. Lazima zije na chakula. Moja ikipungua, ukuaji unaishia pale ilipoishia hiyo, hata kama nyingine tisa zimefurika. Zilizozidi hazihifadhiwi. Zinachomwa kuwa nishati, na nitrojeni yake inatoka kupitia matamvua kama amonia, ndani ya maji yaleyale anamoishi.

Kwa hiyo chakula chenye protini nyingi iliyopangika vibaya kinamgharimu mfugaji mara mbili: amelipia protini ambayo haikuwa nyama, na amechafua bwawa. Soya ina upungufu wa methionini, moja ya zile kumi. Gluteni ya mahindi ina methionini ya kutosha lakini lisini haitoshi. Damu iliyokaushwa ina lisini kwa wingi na isoleusini kidogo mno. Mtaalamu wa lishe ya samaki hashindanishi viungo hivi. Anavipanga ili kimoja kizibe pengo la kingine, kisha panapobaki tundu anaongeza lisini au methionini ya kiwandani. Kuna na taurini, kirutubisho kinachofanana na asidi amino, ambayo mimea haina kabisa. Samaki wengi wa baharini walao nyama hawawezi kuitengeneza ya kuwatosha, na mtu akiondoa unga wa samaki bila kuikumbuka, anaiondoa pamoja nao.

Namba iliyoandikwa kwenye mfuko

Hapa inafaa kusimama, maana ndipo wengi wanapopotea. Mfuko wa chakula cha samaki umeandikwa protini 45%. Namba hiyo imepatikanaje?

Hakuna aliyeipima protini. Njia inayotumika ilibuniwa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya Carlsberg huko Denmark: sampuli inachemshwa ndani ya asidi kali, nitrojeni yote iliyomo inageuzwa amonia, amonia inapimwa, na nitrojeni iliyopatikana inazidishwa kwa 6.25. Hesabu hiyo inadhani kwamba nitrojeni yote ni ya protini na kwamba protini ina nitrojeni 16%. Kwa nyama na samaki, dhana hiyo haiko mbali na ukweli. Kwa vitu vingine iko mbali.

Mwaka 2007 ilibainika kwamba kuna waliokuwa wakiutumia mwanya huo. Gluteni ya ngano kutoka China ilichanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki yenye nitrojeni 66%, ili kipimo kisome protini ya juu. Mbwa na paka wengi walikufa kwa figo Marekani, na gluteni hiyo ikakutwa hata kwenye chakula cha samaki.

Protini mpya zinagusa mwanya uleule bila udanganyifu wowote. Ganda la mdudu limejengwa kwa kaitini, na kaitini ina nitrojeni. Bakteria na hamira zina asidi nukleiki nyingi, kemikali zinazobeba urithi wa seli, nazo zina nitrojeni. Watafiti wa Uholanzi waliopima asidi amino moja baada ya nyingine walionyesha mwaka 2017 kwamba kwa funza waliosagwa pamoja na ganda lao kizidishi kinachofaa ni kiasi cha 4.76. Fanya hesabu: unga wa funza wa namna hiyo unaotangazwa kuwa na protini 42% una nitrojeni 6.72%. Zidisha kwa 4.76, unapata 32%. Pointi kumi nzima zilikuwa ganda na vitu vingine ambavyo si asidi amino. Funza hao bado ni chakula kizuri, ila atakayewaweka kwenye mchanganyiko kwa kufuata ile 42% samaki wake watadumaa, naye atawalaumu funza bure.

Hata protini ya kweli lazima imeng'enywe. Manyoya ya kuku yana protini zaidi ya 80%, lakini ni keratini, ileile iliyojenga kucha na nywele. Yakisagwa tu yanapita tumboni karibu kama yalivyoingia. Yakipikwa kwanza kwa mvuke wenye shinikizo kubwa, mnyororo unalegea na sehemu nzuri inafyonzwa. Ili kujua ni kiasi gani, watafiti huchanganya chakula na alama isiyomeng'enywa, mara nyingi oksidi ya kromiamu au ya itriamu. Kwa kawaida hutengeneza chakula ambacho 70% ni mchanganyiko unaojulikana na 30% ni kiungo kinachopimwa, wanakusanya kinyesi cha samaki, na kulinganisha kiasi cha alama kwenye chakula na kwenye kinyesi. Alama ikiwa imekolea mara nne zaidi kwenye kinyesi, maana yake robo tatu ya chakula imefyonzwa. Muuzaji wa protini mpya asiye na vipimo vya namna hii kwa samaki wa aina unayofuga anakuuzia namba ya Kjeldahl.

Soya, mshindi asiyesifiwa

Mmea haukimbii adui, hivyo mbegu yake inajilinda kwa kemikali. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya kinachokata protini tumboni. Joto la kiwandani huvipunguza sana. Saponini zake, kemikali nyingine za kujilinda, hazivunjwi na joto, na zimehusishwa na uvimbe wa utumbo wa nyuma unaompata samoni anapolishwa mashudu ya soya ya kawaida, tatizo linalofahamika tangu miaka ya 1990. Ndiyo maana samoni anapewa soya iliyooshwa kwa alkoholi, ambayo imepungukiwa saponini na sukari na imepanda hadi protini 60% na ushee. Mimea mingine nayo ina kemikali zake za kujilinda: mashudu ya pamba yana gosipoli. Ya kanola, zao la mbegu za mafuta, yana glukosinoleti.

Halafu kuna fitati. Sehemu kubwa ya fosforasi ya mbegu, mara nyingi theluthi mbili, imefungwa humo, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua. Inatoka na kinyesi na kurutubisha mwani wa bwawani au ziwani. Kuongeza kimeng'enya cha fitasi kwenye chakula kunafungua fosforasi hiyo, na ni moja ya mambo ya gharama ndogo yenye faida kubwa ambayo hayatajwi vya kutosha.

Kwa swali la kwanza, basi, soya imefaulu baada ya kufanyiwa kazi. Kwa swali la pili ina deni. Inataka ardhi, maji na mbolea, na upanuzi wa mashamba yake umefuata ukataji wa misitu ya Amazon na uharibifu wa savana ya Cerrado nchini Brazil. Tumehamisha mzigo kutoka baharini kwenda nchi kavu. Ni heri kulisema hivyo kuliko kujifariji kwamba mzigo umeisha.

Mabaki ya machinjio yanastahili kutajwa hapa kwa kifupi. Unga wa matumbo na mabaki ya kuku, damu, na manyoya yaliyopikwa ni protini ya wanyama, ina bei ya chini kuliko unga wa samaki, na haidai hekta moja mpya. Ulaya ilipiga marufuku kulisha mifugo protini za wanyama mwaka 2001 baada ya ugonjwa wa ng'ombe kichaa, kisha mwaka 2013 ikaruhusu za wanyama wasiocheua, kama kuku na nguruwe, zirudi kwenye chakula cha samaki. Kikwazo kilichobaki ni hisia za wanunuzi zaidi ya sayansi.

Funza, na chakula cha funza

Nzi askari mweusi, Hermetia illucens, ndiye mdudu anayetajwa zaidi. Akishapevuka anaweza kuishi na kutaga bila kula, kwa sababu ameshajiwekea akiba akiwa funza. Funza huyo anakula karibu kila kitu kilichooza, anakua kwa kasi, na kwa kawaida huvunwa baada ya wiki mbili hivi za kulishwa. Akikaushwa ana protini karibu 40% na mafuta yanayoweza kufika theluthi. Mafuta yakikamuliwa, unga unapanda hadi protini 55% au zaidi. Asidi amino zake zimepangika vizuri kuliko za soya, ingawa methionini bado inahitaji kuangaliwa. Mafuta yake yamejaa asidi ya loriki, ileile ya nazi, na hayana omega-3 za baharini, isipokuwa funza amelishwa kitu chenye nazo.

Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwenye chakula cha samaki kuanzia Julai 2017, kwa spishi saba za wadudu. Ruhusa hiyo ilikuja na sharti ambalo mara nyingi linarukwa katika simulizi: kisheria mdudu huyo ni mfugo, na mfugo haruhusiwi kulishwa samadi, mabaki ya mahotelini wala ya jikoni. Alishwe chakula kinachokubalika kwa mifugo, kama pumba za nafaka na mabaki ya viwanda vya mboga na bia. Sababu ya sharti ni ya msingi, kuzuia magonjwa na sumu zisipande ngazi ya chakula. Lakini tazama linavyobadilisha hesabu. Funza aliyelishwa taka ambazo zingeoza na kutoa gesi ya methani ametengeneza protini mahali ambapo haikuwepo. Funza aliyelishwa pumba ambazo kuku, nguruwe au hata sato angezila moja kwa moja ameibeba tu protini iliyokuwepo, akatumia nyingine kuishi, na ameongeza gharama ya joto na ukaushaji juu yake.

Mimi naliona hili kuwa kiini cha suala zima la wadudu. Kampuni ya Ynsect ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 2011 na kuvutia mamia ya mamilioni ya yuro, ilijenga kiwanda kikubwa cha viwavi wa unga (mealworm) wanaolishwa mabaki ya ngano. Mwaka 2024 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mdudu hakushindwa, hesabu ya kununua chakula cha mdudu, kupasha jengo joto na kisha kushindana na soya ndiyo iliyoshindwa. Wanaofuga funza kwa kiwango kidogo karibu na masoko na viwanda vya matunda, ambako taka zinapatikana kwa kuzoa tu na hali ya hewa yenyewe ni ya joto, wako katika hesabu nyingine kabisa, na kwao naona matumaini ya kweli.

Mtu anayesoma matokeo ya majaribio ya wadudu ajihadhari pia na neno "100%". Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Norway ulioonyesha kwamba unga wa funza wa nzi askari mweusi unaweza kuchukua nafasi ya unga wote wa samaki kwenye chakula cha samoni wa baharini bila ukuaji kupungua. Ni kazi nzuri. Lakini chakula cha kulinganishia kilikuwa na unga wa samaki 10% tu, na protini iliyobaki ilikuwa ya mimea. Kuondoa yote ya kitu kilichokuwa kidogo si sawa na kumlisha samoni funza watupu. Asilimia ya kubadilisha haina maana mpaka uambiwe ni asilimia ya kiasi gani, kwa samaki wa uzito gani, na kwa muda gani.

Bakteria wanaokula gesi

Wazo hili limezeeka kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilijenga huko Billingham tangi kubwa la kukuzia bakteria kwa methanoli, ikatoa unga wa protini ulioitwa Pruteen. Sayansi ilifanya kazi. Kilichouua mradi huo miaka ya 1980 ni bei: methanoli ilitokana na gesi, gesi ilipanda, na soya iliendelea kuwa rahisi.

Leo bakteria anayeongoza ni Methylococcus capsulatus, anayekula methani na kutoa unga wenye protini ghafi, ile ya hesabu ya Kjeldahl, karibu 70%. Anakua ndani ya mitambo iliyofungwa, hahitaji shamba, na maji anayotumia ni machache ukilinganisha na zao. Kiwanda cha tani 20,000 kwa mwaka kilijengwa Chongqing, China. Wanadamu hawawezi kula bakteria wa aina hii kwa wingi, kwa sababu asidi nukleiki zao zinageuka asidi ya yuriki, na binadamu hana kimeng'enya cha kuimaliza. Huishia na jongo. Samaki anacho, ini lake linaivunja. Kwa hiyo hapa kuna protini ambayo samaki anaitumia vizuri kuliko sisi, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu soya wala dagaa.

Kuna jambo jingine lililonivutia kuliko hata protini yenyewe. Watafiti wa Norway walipochanganya unga wa bakteria hawa kwenye chakula cha samoni kilichojaa mashudu ya soya, ule uvimbe wa utumbo haukutokea. Kiungo kipya kilikifanya cha zamani kivumilike. Hii inadokeza kwamba bakteria wanaweza kuwa na thamani kubwa hata wakiwekwa kwa kiasi kidogo, muda mrefu kabla hawajawa rahisi kiasi cha kuwa protini kuu.

Kwa swali la pili, jibu linategemea gesi. Methani ikitoka kwenye visima vya gesi ni nishati ya ardhini iliyogeuzwa chakula, na mitambo inakula umeme mwingi. Ikitoka kwenye taka zinazooza, au bakteria wakilishwa hidrojeni na kaboni dioksidi kwa umeme wa jua, habari ni tofauti. Hamira nayo iko kwenye kundi hili, hasa ile inayokuzwa kwa sukari za mbao. Ina protini karibu nusu ya uzito wake na haina ubishi mwingi.

Pamoja na vumbi lote hili, mwaka 2020 wadudu, bakteria, hamira na mwani kwa jumla vilikuwa 0.4% tu ya viungo vya chakula cha samoni wa Norway.

Ukibadili unga, mafuta je?

Mjadala wa protini huficha mwenzake. Omega-3 ndefu, EPA na DHA, ambazo ndizo zinawafanya madaktari wahimize watu kula samaki, hazitengenezwi na samaki kwa wingi. Zinatoka kwenye mwani wa hadubini, zinapita kwa dagaa, zinaishia kwa samaki mkubwa. Mafuta ya samaki yalipobadilishwa na ya kanola, kiwango cha EPA na DHA kwenye samoni wa kufugwa wa Scotland kilishuka kwa nusu kati ya 2006 na 2015. Samaki alikua vizuri, akavutia machoni, na akapungua thamani kwa mlaji bila mlaji kujua. Njia ya mkato ni kurudi kwenye chanzo: kiwanda kilichofunguliwa Blair, Nebraska, mwaka 2019 kinakuza mwani wa Schizochytrium ndani ya matangi na kukamua mafuta yake. Mwani kama chanzo cha protini bado ni ghali mno. Kama chanzo cha mafuta, umeshapata kazi.

Samaki gani unayemzungumzia?

Karibu kila hofu niliyoitaja juu ni ya samoni na wenzake walao nyama. Sato na kapu (carp) ni viumbe tofauti. Sato mkubwa anatosheka na chakula chenye protini 28 hadi 32%, utumbo wake ni mrefu, anavumilia mimea, na anaweza kukua bila unga wa samaki hata kidogo kama asidi amino zimepangwa sawasawa. Kifaranga chake anahitaji 40 hadi 45%, na hapo ndipo kiasi kidogo cha unga wa samaki kinaporudisha gharama yake, kwa sababu kifaranga anakula kidogo na kila siku ya kudumaa inamfuata hadi mavuno. Kambale yuko katikati. Kwa mfugaji wa sato, kutafuta chakula chenye unga mwingi wa samaki kwa hatua ya kunenepesha ni kulipia sifa ambayo samaki wake hataitumia.

Tena sato, kapu na kamba wana chanzo cha protini kisichouzwa na kampuni yoyote. Katika mabwawa, nitrojeni inayobaki mwilini mwa samaki mara nyingi ni kiasi cha robo tu ya ile iliyolishwa; iliyosalia iko majini kama amonia na kinyesi. Mtafiti wa Israel, Yoram Avnimelech, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba ukiongeza kaboni kwenye maji hayo, kwa molasi au unga wa wanga, mpaka uwiano wa kaboni na nitrojeni upite 10 kwa 1, bakteria waliomo wanaichukua amonia na kujijengea miili yao. Wanaungana na mwani na vijidudu kuwa madonge laini yanayoelea, na samaki anayala. Amonia iliyokuwa sumu inarudi kinywani ikiwa protini, na chakula cha kununua kinaweza kupunguzwa protini.

Mfumo huo unajibu maswali yote mawili kwa wakati mmoja, na unadai kitu kimoja bila msamaha: hewa. Bakteria hao wanavuta oksijeni ileile anayovuta samaki, usiku na mchana, na madonge yasipokorogwa yanazama na kuoza. Pampu ikizimika usiku, samaki wanaanza kufa ndani ya saa chache. Mwenye umeme usiotabirika aanze na bwawa la kijani la kawaida, lililorutubishwa, lenye samaki wachache kwa kila mita ya mraba, ambamo mwani na vijidudu vinamlisha sato sehemu ya mlo wake na hewa inaingia yenyewe juu ya maji.